Gundi ya Kompyuta

Siku ya kuzindua roshani mpya ya kanisa lao pale Tetu, Ngendo alikalishwa mbele kabisa, benchi la kwanza huko juu, katikati ya akina nyanya, utadhani ni bibi harusi. Hakupenda. Angeachiwa hiari yake angekaa chini karibu na mlango, mahali ambapo mtu anaweza kutoka nje akapumua bila kuulizwa. Lakini babake, mzee Gathogo, ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya ujenzi na ndiye aliyekuwa fundi mkuu, na alikuwa ametangaza mbele ya wazee wote kwamba aliyeichora roshani ataikalia wa kwanza. Mzee Gathogo akishatangaza jambo mbele ya watu, huwa limekwisha.

Basi akakaa. Kulia kwake alikuwepo Cucu Wakonyo, cucu kwao ndiyo nyanya, kiongozi wa akina mama wazee, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka ng'ambo ya bonde. Kushoto walijipanga nyanya wengine, kila mmoja na shali yake, Biblia yake na mkoba wake. Nyuma yao mabenchi yalijaa hadi ukutani. Wahudumu nao hawakuridhika. Wakapanga viti vya plastiki hata kwenye njia ya kupitia, mpaka ngazi, iliyokuwa moja tu, kule nyuma kwenye kona, ikawa haionekani tena.

Ngendo alikuwa akimalizia shahada ya uzamifu katika chuo kikuu kimoja mjini Nyeri, na utafiti wake ukiusimulia upesi watu hudhani ni mchezo wa watoto. Unachora kitu kigumu ndani ya kompyuta, iwe jiwe, chuma au mfupa wa paja, na unakichora chote, nje na ndani. Unaiambia kompyuta kitu hicho kina uzito gani, kinapinda vipi, kinavunjika lini. Kisha unakikandamiza humo humo, bila kugusa chochote, unaona kitaumia wapi. Panapoumia huwa pekundu, palipo salama hubaki samawati. Yeye alikuwa amebobea kwenye kipande kimoja tu cha elimu hiyo: mahali ambapo vitu viwili vinagusana. Maana chuma kikikaa juu ya jiwe, kompyuta haijui kama kimeshikwa au kimekaa tu, mpaka mtu aiambie. Mwezi uliofuata angesimama mbele ya maprofesa kutetea tasnifu nzima juu ya jambo hilo.

Sasa, watu wa kazi hiyo wana mazoea yao. Modeli, yaani huo mchoro wa ndani ya kompyuta, ikiwa bado mpya, hawajisumbui na ukweli. Wanaanza kwa kugandisha kila kitu kwa gundi: chochote kinachogusa kingine kinahesabiwa kuwa kitu kimoja nacho. Gundi hiyo haiuzwi popote, iko ndani ya kompyuta tu. Hesabu hupita haraka, unaona kama mchoro wako una makosa ya kijinga, halafu unarudi, unaibandua gundi mahali hapa na pale, unaweka mambo yalivyo duniani. Kubandua ndiko kugumu, na ndiko kazi yenyewe.

Modeli ya kanisa Ngendo aliitengeneza kwa kuiba muda, wiki ambayo profesa wake alikuwa akimsukuma kama mkokoteni. Akagandisha, akabonyeza, roshani yote ikatokea samawati. Babake alikuwa amefika mjini asubuhi hiyo kuchukua mchoro, amevaa koti lake la Jumapili, akamkuta amechoka hajielewi. Akampa ile picha ya samawati pamoja na mchoro, akajiambia atarudi kuikamilisha jioni. Jioni ikaleta mengine. Mzee akaenda kuikuza picha, akaifunika kwa plastiki, akaining'iniza ofisini mwa mchungaji, na kila mgeni akaonyeshwa. Kamati ikasema ya kutafuta mhandisi tena ni ya nini ilhali wanaye wa kwao. Ngendo akasahau kabisa, na hilo ndilo la kuudhi, kwamba hakudanganya mtu wala kuficha kitu, alisahau tu kama anavyosahau yeyote mwenye kazi nyingi.

Roshani ilibebwa na boriti za chuma. Nyuma ziliingia kwenye matundu ya ukuta wa mawe, katikati zikalala juu ya nguzo, na mbele zikatokeza hewani bila kitu chini, kwa sababu kamati haikutaka nguzo za kuwaziba watu macho. Chini ya hapo palipotokeza walikalishwa watoto wa shule ya Jumapili, kwenye mikeka, wamebanana kwa baridi.

Mgeni wa heshima alikuwa Mchungaji Philemon, mtu wa Bungoma, na kwa ajili yake ibada yote iliendeshwa kwa Kiswahili. Kabla ya mahubiri akaomba wimbo. Nyanya wa benchi la mbele wakasimama kwa furaha, wakaegemea reli ya mbele, ile ya kuzuia watu wasianguke, wamwone vizuri. Nyuma kuna mtu aliyeimba nje ya sauti vibaya sana, na Ngendo akageuka amtazame. Hivyo tu. Angekuwa mtu asiyejali nyimbo asingeona kitu.

Kulikuwa na reli nyingine ya pembeni, iliyofungwa kwenye sakafu, ikaenda mpaka ikagusa ukuta wa nyuma. Reli na ukuta vilipakwa rangi nyeupe siku moja. Sasa rangi ilikuwa imepasuka pale vilipokutana, na mwisho wa reli ulikuwa umepanda juu ya alama yake ya rangi ukutani kiasi cha upana wa kidole. Mzee mmoja wa benchi la mwisho alikuwa akijipangusa vumbi jeupe begani huku akiimba. Wimbo ukaisha. Nyanya wakakaa, wakajivuta nyuma, na reli ikashuka polepole, ikarudi mahali pake.

Reli haipandi yenyewe. Ikipanda, sakafu imepanda, na boriti zinanyanyuka ndani ya matundu yake. Roshani nzima ilikuwa kama ule ubao ambao watoto huulaza juu ya gogo, mmoja akakaa huku na mwingine kule. Nguzo ndizo gogo. Wakizidi wa mbele, wa nyuma wanapanda. Ukuta ndio uliopaswa kuzishika boriti kwa nyuma, na kwenye kompyuta ulizishika barabara, kwa kuwa yeye mwenyewe aliugandisha nazo. Hapa kanisani hakuna aliyezigandisha na chochote. Gundi hakuwahi kuibandua.

Kitu cha kwanza kilichomjia ni kupiga kelele. Akafungua mdomo, kisha akaufunga, kwa sababu akili yake, ambayo ilikuwa imemsaliti siku ya kumpa babake ile picha, sasa iliamua kufanya kazi. Ngazi iko nyuma. Akipiga kelele, wa nyuma ndio watakaotoka kwanza, wakikimbia. Uzito wa nyuma utaisha, wa mbele utabaki, ubao utainama. Nyanya wataangukia watoto. Akinyamaza, ratiba ya ibada inasema baada ya mahubiri kwaya ya vijana itaingia ikicheza, na kila mtu mwenye simu atasogea mbele kurekodi. Babake alikuwa chini kabisa, karibu na madhabahu, na simu yake huizima mlangoni kila Jumapili. Alibanwa kila upande, na aliyejibana ni yeye. Alijichukia pale pale.

Waliopaswa kuondoka kwanza ni wa mbele, polepole, huku wa nyuma wote wametulia. Mahubiri yalikuwa yameanza. Akamwinamia Cucu Wakonyo.

"Cucu, naomba utoke. Wewe na cucu wote wa hii benchi. Pole pole."

"Nitoke niende wapi na pastor anahubiri?"

"Nje. Hii mbele iko na uzito mingi. Tafadhali Cucu, wa nyuma wasijue, wataanza kukimbia."

Wakonyo akamtazama. Akatazama reli iliyo mbele yake, akatazama chini kwenye mikeka, ambako wajukuu wake walikuwa wamekaa.

"Si wewe ndio ulichora hii kitu?"

"Ni mimi."

Ngendo alingoja atukanwe. Badala yake Wakonyo alishika reli, akajiinua kwa uzito wake wote, na Ngendo akafumba macho.

"Pastor! Bwana asifiwe!" Sauti ile ikajaza kanisa. "Utatusamehe. Sisi cucu tunataka kuenda choo."

Mchungaji Philemon akaacha Biblia wazi. "Nyote, mama?"

"Wote! Wewe umetoka kwa joto, hii baridi ya Tetu hujui."

Kanisa likaangua kicheko. Chini, mzee Gathogo aliinamisha kichwa kwa aibu. Siku kubwa kama ile, mbele ya mgeni, eti choo! Lakini nyanya haulizwi mara mbili, na Mchungaji Philemon alikuwa mtu aliyelelewa vizuri. Akasema, "Wapisheni mama zetu. Wengine wote mkae vile mlivyo, tusiwasukume." Ngendo angeweza kumpigia magoti.

Nyanya wakaanza kutoka mmoja mmoja, wakilalamika kwamba wao hawana haja ya choo, na Wakonyo akiwachapa mgongoni waendelee. Viti vya plastiki vikainuliwa, vikarudishwa. Hapo ndipo Ngendo alipoona jambo ambalo hakulihesabu. Vijana wa benchi la pili walikuwa tayari wamejiinua nusu, macho kwenye nafasi zinazobaki wazi. Kiti cha mbele, kwenye sherehe, hakikai bila mtu hata kidogo.

"Cucu!" Akamshika Wakonyo shali. "Wacheni shali. Na Biblia. Zote, hapa kwa benchi."

Wakonyo akavua. Wengine wakafuata bila kuelewa, wakatandaza shali zao toka mwisho mmoja hadi mwingine na kuweka Biblia juu. Katika kanisa lile, na katika kila kanisa la huko milimani, unaweza kumsengenya jirani yako, unaweza kusinzia maombi yakiendelea, lakini hukalii mahali palipowekwa shali ya mtu na Biblia yake. Vijana wakaketi tena, wamenuna.

Ngendo akabaki peke yake mbele, analinda nguo. Angetamani kuondoka kuliko alivyowahi kutamani kitu chochote. Lakini akiondoka, shali bila mlinzi zingesogezwa, kisha zingekunjwa, kisha zingekaliwa. Kwa hiyo akakaa pale pale palipotokeza hewani, mahali ambapo kama roshani ingeinama yeye ndiye angetangulia.

Mahubiri yakaisha, Wakonyo akiwa bado amewazuia nyanya huko nje, na kwaya ikaingia. Kanisa zima likasimama. Ngoma ililia, vijana wakaja wakiruka kwa mpigo mmoja, na huku juu kila mtu akaanza kuruka nao. Ngendo aligeuka, akatazama ule mwisho wa reli juu ya vichwa vya watu. Ulikuwa ukipanda kidogo na kushuka, ukipanda na kushuka, kwa kufuata ngoma. Kijana mmoja, Wamae, wa kule kwenye duka la mbolea, akauweka mguu juu ya benchi.

"Sister, tukae hapo kidogo tushoot video. Cucu si wako choo?"

"Kuna wenyewe."

"Ati kuna wenyewe? Hizi ni shali tu!"

"Hukai hapa, Wamae." Akasimama, akatandaza mikono. Alijua anaonekana mjinga.

"Anajiskia sana huyu," msichana mmoja akasema kwa sauti ya kusikika. "Ni vile babake ndio chairman. Na yeye sijui ni daktari ya nini."

Wakacheka. Wakapitisha simu zao juu ya mikono yake, wakamrekodi hata yeye, mwanamke mzima aliyetandaza mikono mbele ya shali kama anayefukuza kuku. Aliwachukia wote, na wakati huo huo aliwaombea wote, mmoja mmoja, yeye ambaye kanisani huja kwa ajili ya babake tu. Wimbo ule ulikuwa mrefu kupindukia. Kila kiitikio kilipoisha kwaya ilianza upya. Kila kilipoanza upya, aliitazama reli, akasema moyoni, hapo hapo, usizidi hapo. Haikuzidi.

Ibada ilipokwisha alingoja mpaka wa mwisho ashuke. Kisha akatembea kando ya ukuta kwa nyayo nyepesi, akashuka ngazi, akaufunga mlango wa ngazi kwa kufuli aliloliazima ofisini mwa mchungaji. Akaketi mbele ya mlango huo, akalia kwa kwikwi.

Alimpata babake nyuma ya kanisa, karibu na tangi la maji, akimnong'oneza mtu aliyewakodisha hema la chakula kuhusu sahani. Uso wake ulikuwa umejaa sherehe. Ngendo akamwomba waende kando, akamweleza yote bila kujitetea: boriti, matundu, ubao juu ya gogo, gundi. Mzee alisikiliza akiwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili.

"Lakini haikuanguka," akasema.

"Siku ingine itaanguka, Baba."

"Mimi nilijenga vile ulichora."

"Najua. Ulijenga vile nilichora."

Akaigeuzageuza kofia. "Nani mwingine anajua?"

"Hakuna. Cucu Wakonyo anajua nusu."

Mzee akavaa kofia, akaondoka. Ngendo akadhani anakwenda kulificha jambo. Jumamosi iliyofuata kungekuwa na harusi humo kanisani. Alimjua babake na jina lake. Alijua alivyolilinda miaka yote kutoka Tetu hadi Nyeri mjini. Akaanza kupanga maneno ya kumpinga mbele ya watu, na kila neno alilopanga lilimchoma.

Chini ya hema watu walikuwa wamekaa kungoja chakula. Mzee Gathogo alichukua kipaza sauti kutoka kwa mtangazaji.

"Bwana asifiwe. Kabla tukule niko na neno moja. Hiyo mlango ya huko juu imefungwa. Mtu asipande tena, hata kwa harusi, mpaka niseme." Manung'uniko. Akainua mkono. "Kosa ni yangu. Mchoro ilikuwa sawa, mchoro ilisema chuma ishikwe na ukuta. Mimi nikaona ni kazi mingi, nikaingiza tu kwa shimo. Leo msichana yangu akiwa huko juu akaona. Ndio akatoa cucu, ndio akasimama hapo mbele mkimcheka. Bila yeye saa hii tungekuwa tunaongea ingine. Mungu abariki masomo."

Kisha Cucu Wakonyo akapiga vigelegele, na hema zima likalipuka kwa makofi. Mchungaji Philemon alisimama. Wamae alisimama, uso umemshuka, akapiga makofi kuliko wote. Simu zikageuzwa zikamtafuta Ngendo. Katikati ya makofi yale mzee mmoja wa kamati akamwambia jirani yake, bila hata kushusha sauti, "Mimi nilisema tuchukue yule fundi ya Murang'a." Na mwingine akaitikia, "Huyu amezeeka."

Ngendo alisimama pale akipigiwa makofi. Kila kitu kilikuwa salama: tasnifu yake, maprofesa wake, ile picha ya samawati. Kilichohitajika ni kuinamisha kichwa kidogo, kama mtu mnyenyekevu. Akamtazama babake. Mzee alimtikisia kichwa mara moja, kwa ukali, kama alivyokuwa akimtikisia akiwa mtoto, wageni wapo na yeye anataka kusema.

Akaenda mpaka mbele. Akanyoosha mkono apewe kipaza sauti. Mzee akakikumbatia kifuani, akakataa. Basi akasema bila hicho, kwa sauti iliyokatika mwanzo kisha ikanyooka.

"Baba hajakosea. Mchoro ndio mbaya, na ni yangu. Kwa computer nilishikisha chuma na ukuta, na kwa mchoro sikuonyesha itashikwa na nini. Yeye alijenga vile nilimwambia, yote. Mimi ndio ningewaua."

Makofi yalikufa vibaya, moja moja, wa nyuma ambao hawakusikia wakiendelea peke yao. Simu hazikushushwa. Cucu Wakonyo akaketi. Mchungaji Philemon, ambaye kazi yake ni kusema, akajifanya anatafuta kitu ndani ya Biblia, na mwishowe mtangazaji akatangaza kwamba foleni ya chakula inaanzia upande wa kushoto. Watu wakainuka kwa shukrani kubwa.

Mzee Gathogo alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, kipaza sauti bado mkononi, uso ameuelekeza kwenye mashamba ya chai. Ngendo akachutama kando ya goti lake. Alidhani atamshukuru, au atamgombeza. Mzee hakumtazama.

"Mimi nimebakisha kujengea watu nyumba ya ng'ombe tu," akasema polepole. "Hiyo jina yangu sikuwa na kazi nayo tena. Nilikuwa nimekupatia wewe, Ngendo. Si ungekaa nayo."